Namna ya Kumpandisha Mama Mkwe kwenye Basi Bila Kumgusa

Vijana wa steji, siku mliyoniaga mlinipa mfuko wa mbolea, kofia ya kuzuia jua na ombi moja: niandike yale niliyojifunza miaka yote niliyokuwa kondakta wa basi la Kitale kwenda Bungoma. Mbolea nimeshaitia shambani. Kofia amechukua mjukuu. Limebaki ombi. Sitaandika habari za mshahara, maana wenyewe mnaujua na tutalia bure. Vyeo pia sitaandika, kwa sababu nilianza kazi nikiwa nimesimama mlangoni na nikaimaliza nikiwa nimesimama mlango huo huo. Nitaandika jambo moja tu: jinsi ya kumwingiza mtu kwenye gari wakati magoti yake, macho yake au miguu yake imegoma. Mnaona ni jambo dogo. Mimi lilinila karibu maisha yote.

Nilizaliwa Kibomet, mtoto wa watu waliohama upande wa Murang'a wakaja Trans-Nzoia kulima mahindi. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa kondakta mkongwe aliyeitwa Makokha, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuamsha wafu. Kukata tiketi alinifundisha kwa dakika tano. Kuinua wazee alinifundisha wiki nzima. Mnajua mabasi yetu bodi yake imekalishwa juu ya chesisi ya lori, kwa hiyo kidato cha kwanza cha mlangoni kilikuwa kinanifika gotini, na mimi si mfupi. Mzee wa miaka themanini alikuwa anakiangalia kile kidato anacheka tu, anajua hiki si cha kwake.

Makokha alikuwa na mbinu yake. Simama nyuma ya mzee kidogo. Mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine ushike mshipi. Mwambie mtahesabu pamoja mpaka tatu. Halafu inua kwenye mbili. Nikamuuliza kwa nini mbili, akaniangalia kama mtu aliyeletewa mwanafunzi mzito.

"Kwa sababu kwenye tatu atakuwa ameshakataa," akasema.

Nilifanya hivyo miaka mitatu. Niliinua wazee, niliinua kina mama, niliinua mtu mmoja aliyevunjika mguu akichuma parachichi, wote kwenye mbili. Nilijiona bingwa. Wenzangu walikuwa wananiita jeki.

Halafu asubuhi moja pale Kitale tulimkuta mwanamume kwenye kiti cha magurudumu, ameegesha karibu na mlango wa basi, bahasha kubwa magotini. Makokha aliniangalia, nami nikamwangalia. Moja, mbili. Kabla hajamaliza kusema "jamani", alikuwa amekalia siti ya nyuma ya dereva, na kiti chake kimefungwa juu kwenye keria pamoja na vitanda vya mbao. Alilalamika sana. Sisi tulidhani anaona haya kusaidiwa, maana wengi huona haya, kwa hiyo tukamwambia asijali, hiyo ni kazi yetu. Tulipofika Kiminini bado alikuwa analalamika. Ilikuwa mpaka Kamukuywa ndipo mama mmoja aliyekaa karibu naye akaja mlangoni kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yule mtu hasafiri.

Alikuwa Mwalimu Wekesa, anafundisha hesabu katika shule moja ya Kitale. Alikuwa amekuja steji kutuma bahasha ya karatasi za mtihani, basi. Wanafunzi wake walikuwa wameketi darasani wanamngoja, na yeye alikuwa Kamukuywa anaangalia ng'ombe wa watu dirishani. Nilikwenda kumwomba msamaha. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kijana, baada ya mbili huja nini?"

"Tatu, mwalimu."

"Na tatu yangu iko wapi? Ningepewa hiyo tatu, ningekwambia siendi."

Tulimrudisha na basi lililokuwa linatoka Bungoma. Kabla ya kumwinua nilimuuliza, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, kama anataka kuinuliwa na vipi. Akafikiri. Akasema mkono mmoja hapa, mwingine pale, na mshipi niuache, suruali ni mpya. Kumbe alikuwa na njia yake miaka yote, ni vile hakuna aliyemuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila kuuliza. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kama rafiki ni mtu anayekuletea malalamiko yaliyoandikwa vizuri kwa nambari, kuanzia moja.

Halafu nikaoa. Nekesa alikuwa anapanda basi letu kila Ijumaa kurudi kwao Mabanga, na baada ya Ijumaa nyingi nikapeleka wazee. Sasa, sisi watu wa Kibomet tulikuwa tunajua mahindi kuliko tulivyojua mila za Wabukusu. Siku ya kujitambulisha nilisalimia boma zima kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, nikafika kwa mama yake Nekesa nikanyoosha mkono pia. Mama yule alirudi nyuma hatua tatu, akaingia jikoni, akatokea mlango wa nyuma, akapotelea kwenye migomba. Mimi nilinusa shati langu nikidhani linanuka dizeli.

Aliyenieleza ni Barasa, dereva wetu, Mbukusu wa Chwele. Alicheka mpaka ikabidi asimamishe basi kando ya barabara. Alisema kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawaangaliani machoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima. Nikauliza kama kuna dawa. Akasema ziko familia ambapo mkwe hutoa mbuzi, baadaye wakasalimiana. Nilipeleka mbuzi. Mama mkwe akanitumia ujumbe kwamba mbuzi alikuwa mzuri sana, na mkono wangu niendelee kukaa nao.

Kwa hiyo hakuwahi kupanda basi letu. Akiliona linakuja alikuwa anageuka kuangalia duka mpaka lipite. Aliuheshimu mpaka wetu kuliko watu wa Lwakhakha wanavyouheshimu ule wa Uganda. Na mimi nikazoea hivyo, miaka ikaenda, watoto wakazaliwa, wa kwanza Wanjiru, wakakua, wakaanza kuninyoa kwa maneno.

Shida ilianza na macho. Mama mkwe alipata mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilifunga kabisa, la kulia likabaki na ukungu. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma Biblia kwa sauti kanisani kwao, na hakutaka kumwachia mtu kazi hiyo, kwa hiyo alikuwa anafungua kitabu na kusoma kwa kichwa. Siku moja alisoma maneno ya harusi kwenye mazishi. Watu waliitikia amina, lakini mjane alishtuka. Baada ya hapo hakusoma tena. Alikaa nyumbani, akawa anapapasa ukuta kwenda jikoni, na Nekesa akawa analia usiku.

Daktari wa macho huku Kitale alisema anaweza kumpasua na ataona tena, mradi afike Jumanne fulani kabla ya saa nne asubuhi. Tulihesabu magari. Yale madogo unaingia umejikunja mara mbili, na magoti yake yalikuwa hayajikunji. Bodaboda ilishamtupa mtaroni, akaapa hapandi tena. Gari moja tu lilikuwa linapita Mabanga na kufika Kitale kabla ya saa nne, nalo ni basi letu, lenye kidato kirefu, na mlangoni amesimama mkwe wake.

"Ndung'u," Nekesa akaniambia, "mama yangu akipofuka kwa sababu ya ngazi ya basi lenu, utaniambia nini?"

Nililala nikiangalia mabati.

Jumanne ile nilimpa Barasa kazi ya kuinua. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, nimegeukia shamba la mahindi la watu, natoa maagizo kwa mgongo. Nilimkumbusha ahesabu mpaka tatu. Nikasikia "moja", halafu nikasikia mwavuli. Mama mkwe hakungoja hata mbili. Barasa alikimbilia upande wangu ameshika sikio, akaniambia, "Ndung'u bana, hiyo mwavuri iko na chuma." Mama mkwe akasema kwa sauti, ili basi zima lisikie, kwamba yeye si gunia, akashika mkono wa Nekesa wakarudi nyumbani. Daktari aliwapa siku nyingine, mwezi mmoja mbele. Alisema wazi kwamba hiyo ikipita, foleni ni ya mwaka mwingine, na jicho la kulia halitangoja.

Nikaenda kwa Mwalimu Wekesa. Alikuwa amezeeka kidogo na ukali wake umekomaa. Nilipomaliza kumweleza aliniuliza swali lile lile lake: nimemuuliza mama anaweza nini? Nikasema siruhusiwi kumuuliza. Akacheka, akasema hilo ni tatizo jipya, amelipenda. Akatoa futi kamba tukaenda kupima mlango wa basi. Ulikuwa futi tatu na nusu toka chini hadi sakafuni. Akasema ubao wa kupandia usiomtesa mtu unataka futi kumi na mbili za mbele kwa kila futi moja ya juu. Akapiga hesabu kichwani: ubao wa futi arobaini na mbili. Ungeanzia mlangoni, uvuke barabara yote, uingie kwenye duka la dawa.

Sisi tukapunguza. Fundi mmoja wa kuchomelea pale Kibomet alitupa mlango wa ghala uliokuwa umemshinda kuuza, akautia vyuma pembeni, ukawa ubao wa futi kumi. Mwalimu aliuangalia, akakirudisha nyuma kiti chake.

"Hiyo si njia," akasema. "Hiyo ni paa."

Hatukusikia. Tukaubeba mpaka Chwele siku ya soko ili tuujaribu kwa gunia la kabeji kabla ya kumjaribu binadamu. Tuliuweka mlangoni, tukageuka kutafuta gunia, na tulipogeuka tena mbuzi saba walikuwa wamepanda basi. Wamepanda kwa mstari, bila kusukumana, vizuri kuliko abiria wengi niliowahi kuwaona. Mmoja alikuwa amekalia siti ya dirishani na anatazama nje. Mwenye mbuzi alikataa kuhusika, akasema wamepanda wenyewe, nani aliwaita. Kuwashusha kulichukua karibu saa nzima, kwa maana mbuzi anapenda kupanda lakini kushuka ubao ule walikataa kata kata, ikabidi tuwatoe mmoja mmoja kwa mikono. Somo kubwa lilikuwa pale mbele yetu limesimama na pembe, na hatukuliona.

Ila mwenye mbuzi alitusaidia kwa dharau yake. Alisema hata wanyama wa kwao hawapandishwi ukuta kama huu, kuna mfugaji Mabanga ana jukwaa la kupakilia ng'ombe, limejengwa kwa udongo na mawe, linapanda taratibu mpaka kimo cha lori. Tukaenda kuliona siku hiyo hiyo. Lilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwa mama mkwe. Lori lilikuwa linarudi nyuma mpaka kwenye jukwaa, ng'ombe anatembea kwa miguu yake, anaingia, anageuza kichwa, safari. Nilisimama pale nikaona aibu. Ng'ombe wa Mabanga walikuwa wanasafiri kwa heshima kuliko mama aliyemzaa mke wangu.

Lakini nani angemwambia? Jioni hiyo tulikwenda kwake. Nilikaa nje chini ya dirisha, yeye ndani, Nekesa mlangoni katikati yetu.

"Nekesa," nikasema, "mwambie mama tumepata mahali pa kupandia, lakini ni pa ng'ombe."

"Mama, anasema..."

"Si nimesikia. Mwambie ng'ombe wangu wa maziwa alipandia hapo, na hakuna mwanamume alimshika kiuno."

"Baba Wanjiru, anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Muulize yeye mwenyewe anaweza nini."

Nadhani hata yeye hakuwa amewahi kuulizwa. "Mwambie miguu yangu si mibaya," akasema. "Ni ya pole pole. Nipewe kitu ya kushika, na mtu asiniambie haraka, mimi nitapanda hata mlima."

Nekesa akasema basi, kwa kuwa tunasikiana wenyewe, tukimaliza tutamkuta jikoni.

Jumanne ya pili basi lilitoka Bungoma kukiwa na ukungu. Lilikuwa na mlango wa dharura nyuma, usawa wa sakafu, ambao haukuwahi kufunguliwa tangu litoke kiwandani. Tulikuwa tunaegemeza ndizi hapo. Tuliufungua kwa nyundo, jeki na maombi. Barasa akarudisha basi nyuma kwenye jukwaa huku abiria wote wamegeuza shingo, kila mmoja anaelekeza, wengine kata kulia, wengine kata kushoto. Nekesa aliingia kwanza na kikapu. Mama mkwe akaja anapanda jukwaa na fimbo yake, taratibu, amevaa kitambaa cheupe cha kanisa. Mimi nilisimama ukingoni kuangalia nafasi kati ya udongo na basi, uso wangu nimeugeuza kwenye mahindi.

Hapo ndipo mguu wa Barasa ulipoteleza kwenye breki. Basi likasonga mbele kidogo tu, lakini mama mkwe alikuwa ameshainua mguu. Nilisikia fimbo ikianguka. Nilijua bila kuangalia kwamba anayumba, Nekesa yuko mbali, na mtu wa karibu ni mimi. Mkono wangu ulitoka wenyewe, nikaurudisha. Ukatoka tena. Vijana, nimewahi kuvamiwa na nyuki ndani ya basi, lakini sijawahi kuogopa vile. Ningemshika, angefika Kitale, lakini asingepanda tena jukwaa lile wala kunisamehe. Nisingemshika, angeanguka. Nikafanya kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: nilimpa mgongo kabisa, nikavua mkoba wangu wa tiketi, nikaurusha nyuma huku nimeshika upande mmoja wa mkanda. Nikasikia mkanda unakaza. Alikuwa ameushika. Nikajikaza, nikiangalia mahindi kama nayapenda, naye akajivuta, hatua, hatua, mpaka nikasikia viatu vyake kwenye sakafu ya basi.

Basi zima lilipiga makofi, halafu likaanza kubishana. Mzee mmoja alisema mkanda ukivaliwa na mtu ni sehemu ya mwili wake, kwa hiyo mkwe amemgusa mama mkwe, atoe mbuzi. Mwingine akasema mkoba ni mali ya kampuni, kwa hiyo aliyemgusa ni kampuni, na mbuzi atolewe na mwenye basi. Kesi hiyo iliendelea mpaka Kamukuywa. Mama mkwe alikaa mbele, amepakata kikapu, na mimi nyuma roho ilikuwa inacheka.

Tulifika Kitale saa tatu na nusu. Tukasimamisha basi, nikafungua mlango wa nyuma, na nikabaki nimesimama hapo mdomo wazi. Chini kulikuwa na futi tatu na nusu za hewa. Sisi wote, mimi, Barasa, fundi, hata Mwalimu wa hesabu, tulikuwa tumefikiria kupanda. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kushuka.

Barasa ndiye aliyekumbuka ghala la mahindi upande ule mwingine wa mji, lenye jukwaa la kushushia magunia. Tukaondoka na abiria wote, hakuna aliyekubali kushuka, walisema wanataka kuona mwisho. Getini mlinzi alituzuia. Alikuwa mtu wa kufuata kazi yake, kalamu sikioni, na basi lilikuwa halijawahi kuingia pale.

"Mnaleta nini?"

"Mama mkwe," nikasema.

Akaangalia karatasi yake. "Hapa tunapokea mahindi makavu peke yake."

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu mwenyewe kutoka dirishani. "Fungua geti, baba. Mimi nimekauka kitambo."

Alifungua. Barasa akarudi nyuma, safari hii mguu wake ukakaa kwenye breki kama umechomelewa. Nilifunga mkanda wa mkoba kwenye nguzo ya mlango, nikashuka, nikaenda kusimama mbali. Mama mkwe akaushika, akatoka mwenyewe, akateremka lile jukwaa kati ya wapakiaji waliovua kofia. Nekesa alimpandisha tuktuk, ambayo sakafu yake iko karibu na ardhi kama inavyopaswa. Walifika kwa daktari zikiwa zimebaki dakika tano. Nilipopata simu kwamba ameingia, nilikwenda nyuma ya basi nikalia. Barasa alijifanya anapima upepo wa tairi.

Jicho la kulia lilifanikiwa, na baadaye la kushoto. Sisi tukarudi kwa fundi wa Kibomet na akili mpya. Mwenye basi alikubali, kwa sehemu kwa sababu mlango wa dharura tulikuwa tumeuharibu na ilikuwa lazima tuchomelee kitu. Tulitengeneza ngazi ya kukunja ya mlango wa mbele, na kimo cha kila kidato tulikipata kwa kupima kigoda cha jikoni cha mama mkwe, kile anachopanda kila siku kufikia chumvi. Tukaweka mabomba ya kushika pande zote mbili, yamepakwa rangi ya manjano ili hata jicho lenye ukungu liyaone. Tukang'oa siti mbili ili kiti cha magurudumu kikae ndani na mwenyewe, kisiende keria na vitanda. Mwalimu Wekesa bado anahitaji watu wawili kumpandisha, na barua yake ya mwisho ina malalamiko kumi na manne. Yote ni ya kweli. Hiyo barua nimeiacha kwenye droo ya ofisi, iko chini yenu sasa.

Na kama mtasahau mengine yote niliyoandika, shikeni hili: kila abiria mchukulie kama mama mkwe. Usimguse mpaka akuambie. Mpe kitu cha kushika, usimshike yeye. Akipanda, angalia mahindi, hakuna mtu anayependa kutazamwa akihangaika na ngazi. Ukisema tatu, iwe tatu. Na kabla hujampandisha, jiulize atashukia wapi.

Mwaka jana, mchana mmoja, mama mkwe alikuja steji ya Kitale peke yake. Alikuwa ametoka kuangaliwa macho, ana miwani mipya, na Nekesa alikuwa kazini. Tulikuwa tumefungua ngazi. Aliipanda bila kumwita mtu, mkono kwenye bomba, akafika kidato cha pili akasimama. Mimi nilikuwa pembeni ya mlango, nimegeukia duka la dawa. Hapakuwa na mtu katikati yetu wa kupeleka maneno.

"Bomba," akasema, "mwambie mkwe wangu sasa naona vizuri."

Nami nikajibu: "Bomba, mwambie mama namshukuru Mungu sana."

"Mwambie pia namwona yeye. Nywele zimeisha. Na saa ile ameshuka hapa hajashika mahali, goti likamcheza. Mwambie si kijana tena, ashike."

Akaingia ndani kutafuta siti. Nilipoweka mguu kwenye kidato, nilishika pale pale alipokuwa ameshika, na chuma kilikuwa bado na joto.